Baba ana Parkinson, mapaja yameisha kabisa, kaka anasema apumzike. Je akifanya mazoezi ya nguvu tutakuwa tunammaliza?

Shikamoo dada mshauri, pole na majukumu. Naomba unisaidie maana nyumbani tumegawanyika na kila mtu anaona yeye ndo anampenda mzee kuliko wenzake.

Baba yetu ana miaka 72, mwalimu mstaafu, wanaishi na mama Machame huku Hai. Ilianza mkono wa kulia kutetemeka akiwa amekaa tu, halafu maandishi yakawa madogo madogo mpaka mwenyewe akawa anashangaa, mtu aliyeandika ubaoni maisha yake yote, sauti ikashuka, uso ukawa kama amenuna wakati hajanuna. Tulizunguka sana, wengi wakatuambia ni uzee tu, shangazi akasema katupiwa kitu, mwisho tukampata daktari wa mishipa ya fahamu akasema ni Parkinson akamwanzishia levodopa, na kwakweli dawa ilimsaidia, mkono ukatulia na akawa anatembea vizuri kiasi.

Sasa shida imehamia miguuni. Mapaja yameisha yaani suruali zote zinamvuka. Kunyanyuka kwenye kochi mpaka avutwe mikono. Choo chetu ni cha kuchuchumaa na kiko nje, akishachuchumaa hawezi kuinuka, mama inabidi aingie naye amshike kiuno amvute, na mama mwenyewe ana miaka 67 na mgongo mbovu. Mwezi uliopita alianguka kwenye kihamba, shamba letu la migomba, alipoitwa akageuka ghafla, tunashukuru Mungu hakuvunjika. Tangu siku hiyo kaka mkubwa, ambaye yuko Dar na ndiye anatuma hela za matumizi, amepiga marufuku asitoke nje, ameweka dada wa kazi, baba analishwa, anavalishwa, ananyanyuliwa, kila kitu. Anasema mzee amefanya kazi miaka 40 sasa ni zamu yake kupumzika. Baba anashinda kwenye kochi na tv, hata kubishana mpira siku hizi habishani.

Mimi niko Arusha, naenda jimu, nikamuuliza trena akasema mzee anatakiwa abebe uzito. Nilipoleta hiyo habari kwenye grupu la familia kaka alinijia juu, eti nataka kumuua baba, neva zimeshachoka, ukizichosha zaidi ugonjwa ndo utakimbia. Mama hasemi kitu. Juzi jirani kaleta unga wa upupu anasema unatibu kutetemeka.

Dada naomba kujua, misuli inaliwa na ugonjwa au ni umri? Kwa miaka 72 inaweza kurudi kweli? Kaka anaweza kuwa sahihi? Na huo upupu tufanyeje?

Kitinda mimba, Arusha

JIBU

Marahaba mdogo wangu, poleni sana, na mama mpe pole yake peke yake kwasababu huo mgongo ni mgonjwa wa pili hapo nyumbani na sioni mtu anayemhesabu.

Jibu nalitanguliza: baba anatakiwa afanye mazoezi ya nguvu, na aanze mapema, na kinachomla mapaja kwa kasi hii sasa hivi kwa sehemu kubwa ni hilo kochi. Kaka yako ana nia njema, ameona mzazi ameanguka akaogopa, nani asingeogopa, lakini mapumziko aliyoagiza yanamdhuru anayemhurumia.

Umeuliza ni umri au ni ugonjwa. Ni vyote viwili na cha tatu kinaitwa kukaa, na ni muhimu mvitenganishe kwasababu viwili hamuwezi kuvifuta ila cha tatu mnakiweza.

Umri kwanza. Kuanzia miaka ya thelathini mwili unapoteza misuli kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, ukivuka 60 kasi inaongezeka, na nguvu inapotea haraka kuliko nyama yenyewe, ndo maana unaweza kumuona mzee bado ana mwili lakini kufungua kifuniko cha chupa hawezi. Wataalamu wanaita sakopenia, jina lilipendekezwa mwaka 1989 na Irwin Rosenberg wa Marekani, na ni 2016 tu ndo ikapewa namba yake kwenye orodha ya magonjwa wanayotumia kule, kabla ya hapo ilikuwa ukisema miguu imeisha nguvu unajibiwa kama mlivyojibiwa nyinyi, ni uzee. Kinachotokea ndani ni kwamba kila neva inayotoka uti wa mgongo imeshika kundi lake la nyuzi za misuli, umri ukienda baadhi ya hizo neva zinakufa na nyuzi zake zinabaki yatima, neva za jirani zinachukua zinazoweza, zilizobaki zinasinyaa. Na zinazoondoka zaidi ni zile nyuzi za haraka, zile zinazokudaka ukijikwaa. Mtu wa miaka 30 akijikwaa kwenye mzizi mguu wa pili umeshatangulia kabla hajajua, mzee mguu unakuja lakini umechelewa, tayari yuko chini.

Parkinson ni kitu kingine. Kule ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuamuru mwili utembee na kujongea, na ndizo zinakufa, mpaka mtu aanze kutetemeka inakadiriwa nusu au zaidi zimeshakwenda. Misuli yenyewe siyo iliyoshambuliwa, ila amri inayotoka ubongoni inafika imepungua na imechelewa, kwaiyo maandishi yanakuwa madogo, sauti ndogo, hatua fupi, mkono hauyumbi akitembea. Sasa mtu ambaye kila mwendo wake umekuwa mdogo misuli yake haipati kazi, na msuli usiopata kazi mwili unauondoa, haujali ni wa mgonjwa au mzima.

Halafu kikaja kile cha tatu. Mwaka 2007 ilitolewa taarifa ya utafiti mmoja Marekani, waliwachukua wazee wazima kabisa wasio na ugonjwa wakawalaza kitandani siku 10 tu, miguu yao ikapoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10, na hao hawana Parkinson! Baba yuko kwenye kochi tangu mwezi uliopita, ananyanyuliwa, anavalishwa, hata kijiko hashiki. Hiyo suruali inavyomvuka hainishangazi.

Je inarudi kwa miaka 72? Inarudi. Mwaka 1990 daktari anaitwa Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwachukua wazee 10 wa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mdogo wao ana miaka 86 mkubwa 96, wengi wana magonjwa zaidi ya moja, wakawapa mazoezi ya uzito ya mapaja kwa wiki 8, tena uzito wa kweli sio wa kudanganyishia. Mmoja alishindwa kumaliza, waliobaki nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Baba yako kwa hao ni kijana. Ila na hili ulijue mapema, walipoacha mazoezi, ndani ya wiki 4 nguvu ilishuka kwa asilimia 32, kwaiyo hii siyo dozi ya kumaliza, ni kama dawa zake za kila siku.

Utasema hao hawakuwa na Parkinson. Sawa, Chicago kulifanyika utafiti ukatolewa 2013, watu 48 wenye Parkinson, wote walifanya mazoezi mara 2 kwa wiki kwa miaka 2, kundi moja uzito unaoongezwa kidogo kidogo, kundi lingine kunyoosha viungo na balansi. Miezi 6 ya mwanzo makundi yote yalipata nafuu, ila ilipofika miaka 2 wa kunyoosha walikuwa wamerudi walikoanzia na wa uzito bado dalili zao zilikuwa nafuu, na walipimwa wakiwa hawajameza dawa. Hakuna anayesema ugonjwa ulisimama. Lakini hoja ya kaka kwamba mazoezi yanachosha neva na kuukimbiza ugonjwa, hapo imejibiwa.

Tumtendee haki kaka lakini. Hofu yake ina mahali ina ukweli. Kuna ugonjwa wa mota nyuroni, ule wa ALS, ambao neva zenyewe zinazoendesha misuli ndizo zinakufa, unaona misuli inarukaruka chini ya ngozi na inaisha hata kwa mtu anayefanya kazi, kwa mgonjwa huyo kubeba uzito mpaka kuchoka kabisa hatushauri, mazoezi yake ni mepesi na yanasimamiwa kwa karibu sana. Inawezekana kaka alisikia habari za huo. Baba siyo huo.

Haya tuje kwenye kazi. Kabla ya kuanza mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, wale tunaowaita watu wa fizio, nyie mko Hai, hospitali ya KCMC hapo Moshi wana idara nzima ya kazi hiyo. Trena wako wa jimu ana nia nzuri ila hii siyo ya kwake. Apimwe moyo, na presha ipimwe akiwa amekaa kisha akisimama, kwasababu Parkinson pamoja na dawa zake vinaweza kuishusha presha mtu anaposimama na hapo mzee anadondoka hata kama miguu ina nguvu. Mazoezi yafanyike dawa ikiwa imeshika, kwa wengi ni kama saa moja baada ya kumeza, muangalie saa yake nzuri iko wapi. Ikiwa imekata msimlazimishe.

Zoezi la kwanza na kama mna nafasi ya moja tu basi ndo hili: kuinuka kwenye kiti. Siyo kochi, kochi linammeza, tafuteni kiti kigumu chenye mikono kimeegemezwa ukutani. Makalio yasogee mbele mpaka ukingoni, miguu irudi nyuma chini ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndo asukume. Wengi wenye Parkinson wanajaribu kuinuka wima bila kuinama mbele, hawawezi kuinuka hata kama nguvu ipo, na nyie mkimvuta mikono mnamrudisha nyuma zaidi. Ikishindikana wekeni blanketi limekunjwa liinue kiti, mkiona anaweza mnapunguza kimo pole pole. Aanze hata mara 5, apumzike, arudie, aelekee mara 10 kwa seti 2 au 3, siku mbili au tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Akiwa anashuka ashuke taratibu asijibwage, kushuka ndo nusu ya zoezi. Pumzi aitoe anaponyanyuka asiibane. Kipimo chenu cha nyumbani ni hiki, akunje mikono kifuani ainuke na kukaa mara 5 kwa haraka awezavyo huku mtu amesimama karibu, ikizidi sekunde 15 miguu bado ni dhaifu. Andikeni ukutani muone inavyobadilika.

Mengine ni kunyanyua visigino ameshika meza nzito au dirisha, kupanda na kushuka ngazi moja ya mlangoni mtu akiwa pembeni, na kuvuta mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye nondo ya dirisha, avute viwiko virudi nyuma, hilo ni la mgongo maana Parkinson inamkunja mtu mbele. Mikono chupa za maji zinatosha kuanzia. Siri ya hili jambo ni kuongeza. Mara mbili tatu za mwisho kwenye kila seti ziwe ngumu kidogo, zikianza kuwa rahisi unaongeza, mkoba wenye kilo 2 za mchanga kifuani wakati wa kuinuka, baadaye 3. Kuna wanaokaa na chupa ile ile ya nusu lita mwaka mzima halafu wanasema mazoezi hayajawasaidia, nalisikia sana hilo na linaniuma kwasababu muda wametumia na imani wameweka, uzito tu ndo haukupanda.

Wiki za mwanzo mtaona ameongeza nguvu na mapaja yako vile vile, msikate tamaa, neva ndo zinajifunza kwanza kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja, nyama inafuata baadaye, baada ya miezi miwili hivi. Kutetemeka kunaweza kubaki palepale, msipime mafanikio kwa mkono, pimeni kwa kiti na kwa choo.

Choo sasa. Hapo msisubiri misuli, rekebisheni wiki hii. Fundi atoboe kiti cha plastiki kigumu katikati kiwekwe juu ya tundu, na aweke bomba la chuma ukutani la kushika, aliweke vizuri kwenye zege. Mama asimvute tena. Kumwondolea kuchuchumaa chooni na kumpa mazoezi sebuleni havigongani, chooni tunatafuta usalama, usiku kuna giza na sakafu imelowa.

Na alivyoanguka, soma ulichoandika mwenyewe, aliitwa akageuka ghafla. Kwa Parkinson kugeuka papo hapo ndo kunaangusha sana. Msimwite kwa nyuma, msogeleeni. Ageuke kwa kuzunguka, hatua kwa hatua. Akitembea asibebe kitu na msimpigishe stori. Miguu ikiganda mlangoni asilazimishe, asimame, apumue, ahamishie uzito mguu mmoja, ahesabu moja mbili tatu ndo aondoke, na mnaweza kubandika vipande vya utepe wa gundi wenye rangi sakafuni avivuke, inafungua wengi.

Chakula. Misuli haijengwi na ndizi peke yake. Mzee anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, tuseme ana kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kwaiyo kikombe cha chai na mkate asubuhi hakitoshi. Kiburu kizuri maana kina maharage, mtori uwe na nyama ya kutosha, dagaa, mtindi, karanga. Ila levodopa na protini vinagombania njia moja ya kuingia mwilini, akimeza dawa katikati ya mlo wa nyama inaweza isishike kabisa mkadhani ugonjwa umezidi. Ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Ikionekana bado haishiki vizuri, daktari anaweza kumpangia protini nyingi iwe jioni.

Upupu nitausema wazi kwasababu jirani hajawadanganya. Upupu kweli una levodopa ndani yake, ile ile ya kwenye vidonge. Na ndo hatari yenyewe, baba tayari anameza levodopa, unga haujulikani una kiasi gani, akichanganya presha inaweza kuporomoka, mwili ukaanza kujinyonganyonga wenyewe, au akaanza kuona watu ambao hawapo, halafu shangazi ndo atasema si niliwaambia. Uwekeni pembeni, mshukuruni jirani, mwambieni daktari kama ameshautumia. Na vidonge msiviache ghafla hata siku moja kwa kuamini mazoezi yanatosha.

Kuhusu kuzungushwa kwa kuambiwa uzee, hapo hapo Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba na mwaka 2008 wakatoa majibu, kwenye watu zaidi ya 160,000 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wana nini. Baba amejulikana na yuko kwenye dawa.

Mazoezi yasimame na mwende hospitali akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha, pumzi kukata akiwa ametulia, au maumivu makali ya kiungo baada ya kuanguka hata kama anatembea.

Kaka msibishane naye kwenye grupu, hamtafika. Mpigie simu peke yake, mwambie hela yake inahitajika sana na sasa ina kazi maalumu: nauli na malipo ya fizio, kiti, bomba la chooni. Siku ya kwanza ya fizio mpigie video amuone baba anavyofundishwa kuinuka na amuulize mtaalamu maswali yake yote mwenyewe. Na baba naye aulizwe, mwalimu wa miaka 40 anaweza kabisa kushika daftari la mazoezi yake na kujiwekea alama, tena maandishi makubwa makubwa, kuandika kwa makusudi herufi kubwa nalo ni zoezi lake.

Dada wa kazi asiondoke, abadilishiwe kazi. Asimlishe wala kumvalisha, amuandalie shati lenye vifungo vikubwa ampe na muda, hata likichukua robo saa. Akitembea yeye atembee pembeni nyuma kidogo, upande ambao baba ni dhaifu, mkono ukiwa tayari kwenye mkanda wa suruali na siyo kwapani, na akimuona anataka kuinuka ahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kumgusa.